Kwa Nini Nelima Alikuja Kwetu Siku za Alhamisi

Nelima Wandera hakuwa hawara wa mume wangu. Naliandika neno hilo kwa sababu ndilo linalotumika, na neno lisilotajwa haliwezi kukanushwa. Alikuja nyumbani kwetu Ntinda, hapa Kampala, Alhamisi nne mfululizo, saa nane mchana. Mara zote nne mimi ndiye niliyemfungulia geti, mimi ndiye niliyemwekea chai, na mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti cha pili mbele ya kompyuta, mume wangu akiwa kwenye cha tatu. Waliomwona akiingia walihesabu Alhamisi. Viti hawakuvihesabu.

Mume wangu, Afande Okeny, sasa ni marehemu na hawezi kujibu. Nelima anaweza kujibu lakini hataki. Nimebaki mimi, na mimi nilifundisha jiografia miaka ishirini na tisa. Najua kueleza jambo kutoka mwanzo wake.

Nelima ni mwenyeji wa Busia, upande wa Kenya. Alikuja Kampala akiwa na miaka ishirini na miwili kufanya kazi ya kuuza rangi na misumari katika duka la mtu wa kwao. Leo ana miaka arobaini na mmoja, anapanga Kasubi, na ana chumba chake mwenyewe cha kuchapa barua Old Kampala, katika moja ya yale maduka ya zamani ya Wahindi, chini kidogo ya msikiti mkubwa. Ana kompyuta mbili, printa moja na mashine ya fotokopi inayokohoa kabla ya kutoa karatasi. Anachapa barua, anajaza fomu za pasipoti, anatengeneza programu za mazishi. Polisi wastaafu wa kutoka kaskazini wanampenda kwa sababu anazungumza nao Kiswahili na hacheki Kiswahili chao cha kambini.

Kuna tabia moja ya Nelima ambayo kila mteja ameiona na wachache wameielewa. Mteja akiinuka kitini, Nelima hakaribishi mwingine mpaka aketi yeye mwenyewe kwanza na kufuta kila alichoacha yule aliyetoka. Hata kama foleni imefika mlangoni. Watu hulalamika, naye husema, "Kikombe hakipokelewi na mate ya mwingine."

Tabia hiyo aliipata kwa makosa. Miaka iliyopita mwalimu mmoja alikuja kwake kutafuta kazi Juba. Alipoondoka, aliyekaa kwenye kiti kile kile alikuwa mkuu wa shule yake, amekuja kuchapa mtihani. Kila ukurasa aliofungua ulimwonyesha matangazo ya kazi za ualimu Juba. Mkuu si mjinga. Alimuuliza Nelima nani alikuwa hapa kabla yake, na Nelima, ambaye hakuona ubaya, akamwambia. Mwalimu yule alipoteza kazi ya Kampala kabla hajapata ya Juba. Nelima alinisimulia habari hiyo mara moja tu, akiwa amegeuza uso kwenye printa.

Tangu hapo akaanza kusoma. Hakuna aliyemfundisha. Aligundua kwamba kufuta hakutoshi, kwa sababu kurasa nyingi za mtandao zimebeba ndani yake wapelelezi wadogo wa makampuni ya matangazo, na kwamba ziko programu ndogo zinazopachikwa kwenye kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa, ili kuwazuia. Huitwa viendelezi. Ziko nyingi, na nyingine ni wezi wenyewe waliovaa sare ya mlinzi. Nelima alizichagua kama mwanamke mwenye akili anavyochagua yaya. Huulizi kama anajua kupika tu. Unauliza ni mtoto wa nani, nani alimlisha kabla yako, na akienda likizo anabeba nini kwenye mfuko.

Sasa nieleze ya nyumbani kwetu.

Kompyuta yetu ilikaa sebuleni, wazi kwa wote. Kila Jumamosi wazee wa chama cha polisi wastaafu walikusanyika kwetu, na kumbukumbu za kikao ziliandikwa hapo. Baada ya kikao kila mmoja alisoma habari zake, wote kwa jina la mume wangu. Msiniambie kwamba tungeweka neno la siri. Watu walioishi kambini pamoja hawafungiani milango. Kumfungia mwenzako ni kumwita mwizi. Okeny angekubali kulala nje kuliko kumwomba Odyek abishe hodi kwenye kompyuta.

Na kambini kuna sheria nyingine. Kilichobandikwa kwenye mlango wako ni chako. Picha, ratiba, matusi, vyovyote: ukikiacha pale umekiri. Wazee wale waliileta sheria hiyo mpaka kwenye kioo cha kompyuta.

Jumamosi hiyo Odyek alikuwa akisoma habari za mpira. Odyek ndiye mjomba wa Otema, kijana aliyekuwa ametuomba binti yetu Babra. Ndugu wa Otema walikuwa wanaulizauliza habari za nyumba yetu, kama desturi inavyotaka: kuna wizi, kuna uchawi, kuna ugonjwa.

"Afande," alisema Odyek bila kugeuka, "hii dawa umebandika wewe?"

"Dawa gani?"

"Hii hapa pembeni. Na hii kliniki ya Nairobi. Na hii tena. Ziko tatu."

"Mimi sijabandika kitu."

"Basi nani? Kompyuta ni yako."

Ogwal, katibu wa chama, akacheka. "Labda ni Mama Babra."

"Mimi hubandika kalenda, bwana Ogwal," nilisema, "na hata hiyo kwa idhini."

Wakacheka, lakini Odyek aliinama karibu na kioo akasoma majina yale moja moja, midomo ikitembea.

Ukweli ni kwamba mume wangu alikuwa anaumwa, na alikuwa anasoma juu ya ugonjwa wake kama afisa anavyosoma jalada, kila siku, ukurasa kwa ukurasa. Majibu ya mwisho ya hospitali yalikuwa yatoke baada ya wiki tisa. Wazee walipoondoka aliniambia, "Otema nitamwambia mimi. Kwa mdomo wangu, nikishajua kitu cha kumwambia. Sitaki asikie kwa mjomba wake aliyesikia kwa mashine." Hakuomba lingine. Alitaka tu kuwa wa kwanza kuisema habari ya mwili wake mwenyewe.

Nitakiri nilichofanya, ingawa nina shahada. Nilikata utepe wa karatasi ya manila nikaubandika upande wa kulia wa kioo, pale matangazo yalipokaa. Siku ya pili yakahamia katikati.

Jumatatu nilikwenda Old Kampala.

"Karibu, Mama Babra. Ni barua?" aliuliza Nelima.

"Si barua. Kompyuta yetu inasema mambo ya Mzee mbele ya wageni."

Akainua mkono kabla sijaendelea. "Usiniambie ni mambo gani. Nisilolijua sitalisema hata nikiota."

Alhamisi akaja na daftari la kurasa tisini na sita. Aliuona utepe wangu wa manila. Aliubandua taratibu, kutoka kona ya juu, kama mtu anayetoa bandeji.

"Ulifanya kazi?" aliniuliza.

"Siku moja."

"Siku moja si haba," alisema, akauandika kwenye daftari: manila, siku moja.

Kisha akamweleza mume wangu. Tangazo halibandikwi na mwenye nyumba. Ukitembelea ukurasa, aliyejificha ndani yake anaandika kwamba ulipita. Ukienda wa pili, mwenzake anaandika. Jioni wanalinganisha maandishi yao, kesho wanakuletea dawa ambayo hukuiomba.

"Kwa hiyo kuna mtu ananifuata," alisema Okeny.

"Wengi, Mzee."

"Mimi nilifanya kazi ya nguo za kiraia miaka sita. Nilikuwa nafuata mtu mmoja, kwa sababu, na karatasi yenye sahihi ya mkubwa wangu. Hawa wana karatasi?"

"Hawana. Na wanafuata kila mtu."

"Basi hawana adabu," alisema, na akavuta kiti karibu. Nadhani ndiyo siku aliyoanza kumheshimu.

Nelima akatuonyesha pia vile vitufe vidogo vya mitandao ya kijamii vinavyokaa chini ya habari, kile cha kidole gumba na cha kushirikisha wengine. Mume wangu alikuwa amejiunga na mtandao mmoja ili aone picha za wajukuu wa kaka yake. Nelima akasema kitufe kile kinaweza kumwambia mwenye mtandao huo kwamba Okeny amefungua ukurasa huu.

"Lakini mimi sijawahi kukibonyeza."

"Hakihitaji kubonyezwa, Mzee. Kikitokea tu, kimeshakuona."

Okeny alisogeza uso karibu na kioo. Kisha akasema polepole, "Hata kwenye ukurasa wa hospitali?"

"Hata huko, kama wamekiweka."

Nelima alihitaji chambo cha kujaribia. "Kuna mtu katika nyumba hii anayetaka farasi?" aliuliza. Tukasema hapana. "Basi tutatafuta tandiko la farasi." Kwa nusu saa mwanamke yule alizunguka maduka ya mtandaoni akitazama matandiko, hatamu na buti za ngozi. Kiendelezi kikiwa kizuri, farasi hataonekana tena kwenye kioo chetu. Kikiwa kibaya, tutamwona. Akapachika cha kwanza, kile chenye sifa kubwa na watumiaji wengi kupita vyote, akaaga.

Jumamosi nilikuwa jikoni niliposikia sauti ya Odyek.

"Afande, sasa unanunua farasi?"

"Ntinda hii, na foleni hii?" akasema Ogwal. "Hiyo ni akili."

"Farasi hana foleni," alisema mume wangu. "Nitawapita wote kwenye taa, niwapungie mkono."

Nilitoka jikoni nikawakuta wamejipanga nyuma ya kiti, wazee sita, wanatazama matandiko manne yaking'aa. Mmoja alikuwa anauliza kama hilo la mwisho linafaa punda. Okeny aliwaacha wacheke mpaka wakachoka, ndipo akawaeleza, kwa Kiswahili cha kambini ambacho wote wanakielewa: hii mashine haiko mlango. Mwenye nyumba habandiki. Hii vitu inajileta. Hakusema uongo hata mmoja. Odyek alikuna kidevu chake, na sikuweza kujua kama ameshawishika au anafikiri.

Alhamisi ya pili tulimweleza Nelima, tukidhani atafurahi. Hakufurahi. "Kimeshindwa," alisema. Alichunguza akakuta kwamba kiendelezi kile kinaruhusu matangazo fulani yapite, yale ambayo wenyewe wameyaita yanayokubalika, na kwamba baadhi ya wenye matangazo hukilipa kwa hilo. "Askari anayekula sahani moja na anaowazuia." Akakifuta kwa mstari mmoja daftarini. Nilimwambia farasi wake wametusaidia. Akasema msaada wa bahati hauwekwi kwenye hesabu ya kazi.

Cha pili kilizuia kila kitu, hata fomu ya wizara ikakataa kufunguka. Lakini hilo si lililokiua. Nelima alisoma masharti yake yote, yale ambayo sisi hubonyeza tunakubali na kupita, akagundua kwamba wenyewe wanaishi kwa kuuza ripoti kuhusu matangazo wanayoyazuia. "Nani anakulisha?" alikiuliza kioo, kwa sauti. Hakikumaliza wiki.

Alhamisi ya tatu alipachika kile kilichobaki hadi leo. Hakina umaridadi. Kinatengenezwa na watu wa kujitolea, na jinsi kilivyoandikwa imewekwa hadharani ili mwenye ujuzi akague. Nilimuuliza kama hatuhitaji kingine kwa ajili ya vile vitufe. Akasema walinzi wawili kwenye geti moja hugombana, na mgeni hupita wakigombana. Akaingia ndani ya mipangilio, akapata orodha ya kuzuia vitufe vya kijamii ambayo ilikuwa imezimwa, akaiwasha. Vidole gumba vyote vikatoweka, pakabaki nafasi nyeupe.

Alhamisi ya nne ilikuwa ya kukagua na kufundisha. Farasi hawakuonekana. Akamfundisha mume wangu namna ya kukisimamisha kwa tovuti moja tu ikikataa kufunguka, na namna ya kukirudisha. Akambadilishia kivinjari cha simu, kwa sababu kile kilichokuja na simu hakikupokea viendelezi. Kisha akasema jambo ambalo mume wangu alilirudia mara nyingi baadaye.

"Mzee, usifikiri sasa huonekani. Ukiingia mahali kwa jina lako, mwenyeji wako anakujua. Na kampuni inayokuuzia mtandao inaona umekwenda wapi. Hii inazuia wale waliokuwa wanakunyemelea njiani tu."

"Afisa anayeniambia silaha yake haiwezi nini," alisema Okeny, "huyo nitatoka naye doria."

Hizo ndizo Alhamisi zote nne.

Yaliyofuata niliambiwa na Latif, fundi wa simu mwenye meza kwenye baraza la Nelima. Odyek alikwenda pale mwenyewe, amevaa koti.

"Dada, wewe ndiye umefunga kompyuta ya afande. Alikuwa anasoma nini?"

"Mzee Odyek," alisema Nelima, akiendelea kupanga karatasi, "mwezi wa pili ulikuja hapa ukachapa barua."

"Ndiyo."

"Umewahi kusikia mtu yeyote akiitaja barua hiyo?"

"Hapana."

"Ya afande utaisikia hivyo hivyo."

Latif anasema alicheka hata akapoteza skrubu ya simu ya mteja. Odyek alitoka bila kuaga. Sisemi ni yeye aliyeanzisha maneno, sikuwapo. Nasema tu kwamba baada ya siku kumi yalikuwa Ntinda, na baada ya wiki mbili yalikuwa Kasubi, kwenye kanisa la Nelima. Mwanamke anayemfichia mwanamume siri, walisema, lazima ana sehemu yake ndani ya siri hiyo. Wakamvua ukatibu wa akina mama.

Nilikwenda kwake na aibu yangu. Nilimwambia, "Waambie tu ulichokuja kufanya. Waambie Mzee anaumwa, hata kama Otema bado hajaambiwa na Mzee mwenyewe."

"Amebakiza muda gani kabla ya kumwambia mkwe wenu?"

"Wiki mbili."

"Basi niache niitwe hivyo wiki mbili," alisema. "Mwalimu yule nilimsema kwa neno moja, Mama Babra. Lilitosha."

Mume wangu alipata majibu yake. Alimwita Otema, wakakaa barazani wawili tu, na akamwambia yote kwa mdomo wake. Babra alikuwa ameshaambiwa asubuhi. Otema alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja, "Mzee, ungependa tufanye mapema?" Walifunga ndoa mwezi wa nane. Okeny alimsindikiza bintiye kwa miguu yake mwenyewe, amevaa nishani zake, na Odyek alikuwa wa kwanza kumpigia saluti. Hata siku hiyo Odyek hakujua, kwa sababu Otema hakumwambia. Miezi saba baadaye nilikuwa mjane.

Wiki mbili za Nelima zimekuwa miaka miwili na zaidi. Angeweza kujisafisha makaburini, mbele ya watu wote, kwa sentensi moja. Alisimama nyuma na mwavuli wake, akaimba, akaenda. Mimi nami nilinyamaza, nikijiambia kwamba nalinda jina la nyumba yetu, huku jina la mwanamke mwingine likilipa. Hilo sijivunii.

Na bado anakuja. Mwaka jana kivinjari kimoja kilibadilisha kanuni zake na kiendelezi chetu kikaacha kufanya kazi. Alikuja bila kuitwa, akanihamishia kwenye kingine, akatafuta hatamu za farasi kwa nusu saa, akasubiri wiki, akarudi kukagua. Alikuja Jumanne, ili majirani wapumzike.

Mwezi uliopita akina mama wa kanisa lake walimwita. Walimwambia watamrudishia nafasi yake akieleza mbele yao Afande Okeny alikuwa anaficha nini. Alisimama, akawashukuru, akawaambia hana la kueleza, akaketi. Ndiyo sababu nimeandika haya, na nimempa mchungaji nakala, iliyochapwa Old Kampala na Nelima mwenyewe, ambaye alirekebisha nafasi za mistari tu.

Sasa mnajua alikuja kufanya nini, na nani alikuwa ndani ya nyumba. Jina lake ni safi, na aliye na shaka aje Ntinda aniulize mimi. Ila najua mtakachotaka kuuliza mkifika. Mtataka kujua ulikuwa ugonjwa gani.

Sitasema.